Mtoto Aliyebeba Jiwe

Mama yangu, Margarita, anasaga karanga. Ukifika soko la Inde na kuuliza odi nzuri inapatikana wapi, utaonyeshwa meza yake kabla hujamaliza swali. Odi ni karanga iliyosagwa mpaka ikalainika na kutoa mafuta, na bila odi mboga ya kwetu ni majani yaliyochemshwa tu. Kwa odi hiyo mama amesomesha watoto wanne. Mimi, Prossy, ni wa pili, na siku hizi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nikipaza sauti mbele ya darasa la tano hadi dirisha likatetemeka, ujue sauti hiyo imelishwa karanga.

Lakini nyumbani kwetu hapakuwa na jiwe la kusagia. Kila nyumba Inde inalo, hata kama mashine ya umeme iko hatua kumi kutoka mlangoni, kwa sababu kuna vitu ambavyo mashine inaviharibu. Mama alikuwa na mashine ndogo ya kuzungusha kwa mkono, ameifunga mezani kwa bolti mbili. Mtu akimletea jiwe zawadi, alilirudisha siku hiyo hiyo. Majirani walisema ni kiburi cha mwanamke wa biashara. Mimi nilidhani ni uvivu, na niliwahi kumwambia hivyo usoni nikiwa na miaka kumi na sita. Aliendelea kuzungusha mashine. Leo nikikumbuka naona aibu.

Sababu niliijua Januari mwaka huu, kwa ajili ya babu Anguyo.

Anguyo ni baba mdogo wa mama, yaani mdogo wa baba yake, na ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Ni mzee mrefu, mkavu, anayependa kupiga chini fimbo yake kila anapofika kwenye neno analolipenda. Vita vilipofika kwetu West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mwaka 1980, ukoo wote ulikimbilia Zaire. Bibi yangu, Ocokoru, alikuwa mjane, na dada yake alikuwa ameolewa Sudan, kwa hiyo yeye alielekea kaskazini akiwa na mtoto mmoja mkononi. Mtoto huyo alikuwa mama. Miaka sita baadaye watu waliporudi, mama alirudi peke yake, msichana wa miaka kumi na minane.

"Mama yako iko wapi?" Anguyo alimuuliza mbele ya watu.

"Nilimuzika."

"Ulimuzika wapi?"

"Jina ya mahali sijui."

Jibu hilo ndilo lililommaliza. Kwetu huwezi kusema umemzika mzazi wako halafu hujui wapi. Kaburi ndilo linaloonyesha kwamba mtu alikuwa wa watu. Tangu siku hiyo mama akawa, kwa midomo ya ukoo, mtoto aliyemtupa mama yake barabarani. Hawakulisema kila siku. Walilisema kwenye harusi, kwenye matanga, na mahali popote alipokuwa anakaribia kufurahi.

Sasa Anguyo alikuwa ameamua kujenga kaburi moja kubwa la saruji uani kwake, kwa ajili ya wote wa ukoo waliofia ukimbizini. Walikuwa kumi na tisa. Kila familia ingeleta udongo kutoka mahali mtu wao alipolala, udongo ungemwagwa humo, padri angeomba, na majina yangesomwa. Kwenye kikao aliyasoma yote kutoka kwenye karatasi. Alisoma kumi na nane.

"Na Ocokoru?" mama akauliza taratibu.

"Hapana udongo, hapana jina." Fimbo ikagonga chini. "Mutu ya kutupwa barabarani tutaandika namna gani?"

Nilisimama. Nilikuwa na maneno mengi tayari, na mengine hayafai kwa mwalimu. Mama alinishika sketi akanivuta chini, akasema kwa sauti ile ile, "Jumamosi nitaleta udongo." Watu wengine walicheka. Ilikuwa Jumatano.

Njiani kurudi nyumbani aliniambia nimtafutie gari.

Gari lilikuwa Probox ya Swaib, kijana wa Arua anayempelekea mama ndoo za odi mjini kila wiki. Swaib anaongea bila kituo, na anaogopa polisi wa barabarani kuliko anavyomwogopa mke wake, ingawa mke naye si wa mchezo. Alhamisi asubuhi tuliondoka Inde kuelekea Arua. Kwa sababu Swaib hajui lugha yetu tuliongea Kiswahili, na pengine hicho ndicho kilichomfungua mama. Kuna mambo ambayo kwa lugha yetu alikuwa hajawahi kuyatamka.

"Mama, tunaenda makaburi gani?" Swaib aliuliza.

"Sijui. Miaka yote niliogopa kwenda kutafuta, labda nikose."

Swaib akanitazama kwenye kioo. Mimi nikatazama nje.

"Sikiliza," mama akasema. "Mimi nilikuwa na miaka kumi na mbili. Mama alisema, chukua kitu ya maana, tunakimbia. Yeye alichukua sufuria. Mimi nikaangalia nyumba yote. Kitu ya maana iko gani? Kila siku mimi naona mama anaanza na jiwe, anamaliza na jiwe. Nikachukua jiwe."

"Jiwe?"

"Jiwe ya kusagia. Ile ndogo ya juu, ya kushika na mikono mbili. Chumvi nikaacha. Blanketi nikaacha."

Swaib alicheka mpaka gari likayumba, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka pia.

"Cheka tu," mama akasema. "Hata yeye alicheka. Alinichapa kwanza, halafu akakaa chini akacheka. Tulikuwa tayari mbali, kurudi haiwezekani. Usiku baridi ilitupiga, akasema, haya, Margarita, leta jiwe tujifunike."

Jiwe hilo alilibeba kichwani siku nyingi. Walipovuka mto mmoja lilimponyoka likagonga mwamba, kona moja ikamegeka kipande kikubwa kama kiganja. Bibi alilitazama akasema, "Sasa imekuwa yako. Utabeba mpaka mwisho." Siku chache baadaye bibi alianza kuhara. Alifia kando ya kanisa dogo, upande wa mji wa Koboko, mahali palipokuwa na makaburi yenye misalaba ya chuma. Watu waliokuwa wakipita waliogopa ugonjwa, siku ya kwanza hakuna aliyesogea. Mtoto wa miaka kumi na mbili alichimba kwa sufuria. Alichimba siku mbili. Msalaba hakuwa nao, kwa hiyo aliweka jiwe kichwani pa kaburi, akaendelea na safari.

Kwenye gari hakuna aliyecheka tena. Nilitazama shingo ya mama kutoka nyuma, ile ninayoijua tangu nilipokuwa nikibebwa mgongoni, na nikaelewa kwa nini jiwe halikuingia nyumbani kwetu. Nililia kwa hasira. Nilikuwa na hasira na Anguyo, na ukoo, na msichana wa miaka kumi na sita aliyesema ni uvivu.

"Misalaba ya chuma ilikuwa namna gani?" Swaib akauliza, akiwa amepunguza mwendo. Alifikiri kabla ya kusema, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake.

"Ilikuwa na duara katikati."

"Basi tuanze na misheni ya zamani, hapa Arua. Huko makaburi iko tangu wakati ya wazungu. Muzee Ocama anachunga. Yeye anajua chuma yote."

Tuliingia jua likiwa bado la upole. Makaburi yale yako nyuma ya miti ya mivinje, na mengine yana zaidi ya miaka mia. Wamelala mapadri waliokufa na homa wakiwa vijana, masista, makatekista wa kwanza, na maseremala waliopiga paa la kanisa. Swaib, Mwislamu, alivua kofia yake mlangoni akasema kwa sauti, "Asalaam aleikum, watu wa makaburi."

"Swaib, hii iko makaburi ya Wakristo," nikamwambia.

"Na salaam iko ya wote, mwalimu."

Mzee Ocama alikuwa anafagia. Ana mguu mmoja mfupi, na anafagia kwa kuzunguka, duara baada ya duara. Mama alipomweleza msalaba wenye duara katikati, alitupeleka kwenye kona akatuonyesha mmoja umepinda, na kutu imeula, lakini duara bado lipo. Mama aliushika kwa mikono miwili.

"Hii namna fundi moja tu alikuwa anatengeneza," Ocama akasema. "Karakana ya misheni, hapa hapa. Nyingi ilibaki Arua. Upande ya Koboko alipeleka kwa kanisa mbili tu, Abuku na Kuluba. Mimi mwenyewe nilipakia kwa lori, nilikuwa kijana, mguu yangu bado muzuri."

Mama alimshukuru mpaka mzee akaona haya akarudi kwenye ufagio wake.

Barabara ya Koboko ni ya lami siku hizi. Mama aliitazama kama mtu anayetazama nguo aliyoivaa utotoni imeshonwa upya. "Tulipita hapa kwa miguu," alisema mara mbili. Mjini Koboko Swaib akaomba dakika tano. Nyuma ya nyumba za maduka kuna makaburi ya Waislamu ya zamani, na humo wamo askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza, waliorudi kutoka Burma wakafa kwa uzee kwenye vitanda vyao. Babu yake Swaib yumo. Alitupeleka moja kwa moja, bila kubahatisha, akapinda kulia kwenye mwarobaini, akasimama. Akasoma Fatiha, akang'oa nyasi mbili, akamsimulia babu yake kwamba Probox inahitaji klachi.

"Wewe una bahati," mama alimwambia tuliporudi garini. "Unajua pa kusimama."

Swaib akawasha gari.

Abuku tulifika saa saba mchana, jua likiwa limetukalia kichwani. Kanisa ni dogo, na misalaba ilikuwepo. Yenye duara! Mama alishuka gari kabla halijasimama. Sikujua kwamba mwanamke wa miaka hamsini na saba, mwenye magoti yale, anaweza kukimbia hivyo. Alipita safu ya kwanza na ya pili, na kwenye safu ya tatu akapiga kelele na kupiga magoti. Jiwe lilikuwepo kichwani pa kaburi, nusu limefukiwa. Tulilichimbua sote watatu, Swaib kwa spana, mimi kwa kucha.

Lilikuwa zima. Kona zote nne zilikuwepo. Upande mmoja ulikuwa na mistari ya panga, jiwe la kunolea tu, mtu alilisahau pale.

Mama alikaa chini kwenye vumbi miguu imenyooka, kama mtoto. "Labda Anguyo iko sawa," alisema. "Labda mimi niliota. Nilikuwa mudogo. Labda kweli nilimuacha barabarani, halafu nikajitengenezea hadithi."

Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Karibu miaka arobaini watu walikuwa wamemwambia, na sasa alikuwa ameanza kuwasaidia. Nilimshika mabega nikamwambia kwa lugha yetu, kwa ile sauti ya darasa la tano, kwamba mikono iliyochimba haiwezi kuota, na kwamba bado kuna Kuluba, na kwamba asiponyanyuka nitambeba na mgongo wangu utavunjika na itakuwa makosa yake. Alicheka kidogo, akanyanyuka.

Kuluba ni mashamba, mihogo na mtama, na mpaka wa Sudan Kusini hauko mbali. Tuliuliza kanisa la zamani tukaelekezwa kwenye njia ya udongo mwekundu. Bati la kanisa ni jipya, lakini kuta ni za zamani, na pembeni, kwenye uwanja uliofagiwa vizuri kuliko uwanja wa shule yangu, yalikuwepo makaburi. Misalaba yenye duara ilisimama safu ya mbele. Swaib akatoa salaam yake.

Halafu tukasimama sote.

Kulikuwa na mawe ya kusagia kila mahali. Siyo moja, siyo mawili. Kaburi hili lina jiwe kichwani, lile lina jiwe, la pembeni lina jiwe, mengine meusi, mengine ya kijivu, mengine yamelika katikati mpaka yamekuwa membamba. Nilihesabu nikafika thelathini na moja, nikaacha. Sijawahi kuona kitu kama hicho mahali popote West Nile, na nimetembea.

"Ee Mungu," mama akasema. "Sasa nitajua ipi?"

Nilifikiri, hivi ndivyo watu wanavyoshindwa kabisa. Si kwa kukosa, bali kwa kupata vingi.

Mwanamke mmoja alikuwa anakuja kutoka upande wa nyumba, ufagio wa vijiti mkononi, kitenge kimefungwa kifuani. Alikuwa wa rika la mama, mdogo kidogo. Alitusalimia, akasema anaitwa Elena, yeye ni Mkakwa aliyekuwa akiishi ng'ambo ya mpaka, vita vya Sudan Kusini vimemrudisha kwenye nyumba aliyokulia. Ndiye anayefagia hapa.

"Dada," mama akamuuliza, "hii mawe iko ya nini?"

"Iko ya wanawake. Hapa kwetu mwanamuke akikufa, tunamuwekea jiwe yake kwa kichwa. Hapana jiwe, tunasema hajazikwa vizuri. Iko desturi yetu."

"Desturi ya Wakakwa?"

"Hapana. Ya hapa tu. Kuvuka hata mto, hawajui." Elena alitabasamu, amezoea swali hilo. "Ilianza na Mama wa Jiwe."

Niliuona mkono wa mama ukitafuta kitu cha kushika. Nikampa bega.

"Mama wa Jiwe iko nani?"

"Jina yake hatujui. Iko mukimbizi, mwaka ya vita. Alifia hapa kando ya kanisa. Alikuwa na mutoto, musichana mudogo, huyo mutoto alichimba kaburi na sufuria. Watu waliogopa ugonjwa, wanaangalia tu kutoka mbali. Siku ya pili mama yangu alishindwa kuvumilia, alikuwa anauza vyungu hapa, akapeleka jembe, akachimba na yule mutoto mpaka mwisho. Mimi nilikuwa na miaka nane. Mimi nilipeleka maji na kibuyu."

"Kibuyu," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Shingo yake ilikuwa imevunjika. Maji ilimwagika kwa nguo yangu."

Elena aliangusha ufagio.

Walitazamana. Swaib alinong'ona kitu kwa Kiarabu. Kisha Elena akauliza, taratibu sana, "Ni wewe? Mutoto ya sufuria?" na mama akakubali kwa kichwa, na hapo wakashikana, wakalia kwa sauti kubwa hivi kwamba watu waliokuwa wanapalilia mihogo walinyoosha migongo.

Elena alimshika mkono akampeleka kwenye safu ya kwanza kabisa, karibu na ukuta. Kaburi lilikuwa limezungushiwa mawe madogo yaliyopakwa chokaa. Udongo ulikuwa umefagiwa asubuhi ile ile. Kichwani lilikuwepo jiwe moja jeusi, dogo kuliko nilivyotegemea, na kona moja ilikuwa imemegeka kipande kikubwa kama kiganja.

Mama aliweka kiganja chake pale kwenye pengo. Kilijaa sawasawa.

"Nimelibeba mpaka mwisho," alimwambia mama yake, kwa lugha yetu. "Uliniambia nibebe mpaka mwisho, nimebeba."

Nikaona kwamba alikuwa anatabasamu na machozi yanaingia mdomoni. Sijawahi kumwona mama hivyo. Nilitaka kupiga vigelegele na nikavipiga, makaburini, mchana kweupe, mwalimu wa watu. Elena akaitikia. Wale wa mihogo nao wakaitikia bila kujua ni kwa ajili ya nini, halafu wakaja kuuliza.

Tulikaa chini wote, na Elena akasimulia yaliyobaki. Mama yake alikuwa ameongea juu ya yule mtoto maisha yake yote. Alisema amezika ndugu wengi na hajawahi kuona mtu akiheshimiwa hivyo, mtoto ampe mama yake kitu pekee alichonacho. Akaagiza kwamba akifa, awekewe jiwe lake. Alipokufa, wakaliweka. Jirani yake akataka hivyo hivyo, na jirani wa jirani. Kila Novemba, siku ya kuombea marehemu, wanafagia, na wanaanza kwa Mama wa Jiwe, kwa sababu ndiye wa kwanza.

Bibi yangu, aliyetupwa barabarani! Huku akiwa na kaburi linalofagiwa kila wiki, na wanawake thelathini nyuma yake.

"Anaitwa Ocokoru," mama akasema.

Elena alilitamka jina mara tatu, kama anayeonja chumvi. Wale wa mihogo nao wakalitamka.

Mama alichukua udongo kutoka upande wa kichwa, viganja viwili, akaufunga kwenye leso. Jiwe hakulichukua. Swaib aliuliza kama aliingize garini, mama akamwambia aliache, lina kazi hapa. Kisha Elena alitukaribisha kwake tunywe maji, na uani kwake lilikuwepo jiwe la kusagia, lenyewe na lile la juu, na simsim, yaani ufuta, iliyokaangwa ikingoja. Mama alilisogelea. Akakunja kitenge, akapiga magoti, akashika jiwe kwa mikono miwili, akaanza. Sekunde za kwanza mikono ilisitasita. Halafu mabega yakakumbuka, na mlio ule ukaanza, mzito, wa mbele na nyuma, na harufu ya simsim ikajaa ua mzima. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka arobaini na tano. Alisaga yote.

"Sasa nani ataniamini?" aliuliza alipomaliza, akifuta jasho. "Udongo iko udongo. Anguyo atasema nimechota kwa shamba yangu."

Elena alikuwa tayari anafunga mlango wake kwa kufuli.

Jumamosi ua wa Anguyo ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya matofali yaliyobaki. Kaburi la saruji lilikuwa limekamilika, katikati yake pameachwa tundu la kumwagia udongo, na bamba la majina lilikuwa bado bichi, fundi ameshika msumari. Anguyo alisoma jina, familia ikasogea, udongo ukamwagwa, fundi akaandika. Kumi na nane. Akakunja karatasi.

"Bado moja," mama akasema, akasogea mbele.

Fimbo ikagonga. "Udongo ya wapi hii?"

"Ya Kuluba, makaburi ya kanisa. Mama yangu iko safu ya kwanza."

"Nani aliona?"

"Mimi niliona, muzee." Elena alisimama kutoka kwenye mkeka wa wanawake. Hakuwa na haraka. "Mimi Elena, mutoto ya Kuluba. Huyu Margarita alichimba na sufuria siku mbili, ya kwanza peke yake, vidole yake ilitoka damu. Mimi nilimupa maji. Watu wakubwa walikuwa pale, waliogopa. Yeye hapana ogopa. Hapa munasema alitupa mama yake? Kwetu kila mwanamuke anazikwa kama mama ya Margarita alivyozikwa, sababu tulijifunza kwa huyu mutoto." Akakaa chini. Kisha akasimama tena. "Na muje Novemba, muone."

Anguyo aliitazama fimbo yake. Nilimtazama kwa uchu, nakiri, nikingoja aanguke. Lakini alifanya kitu ambacho sikukitegemea. Aliilaza fimbo chini, akatembea hatua zile chache bila hiyo, akapokea leso kutoka mkononi mwa mama kwa mikono yote miwili, na kupiga goti moja ili aufikishe udongo kwenye tundu taratibu, bila kumwaga hata chembe nje.

"Fundi, andika," alisema akiwa bado chini. "Andika kwa juu, nafasi iko." Halafu akamgeukia mama. "Margarita, mutoto ya ndugu yangu, sema jina wewe mwenyewe."

Mama alilisema. Alilisema kwa sauti ambayo sikujua anayo, na sasa najua ya kwangu ilitoka wapi. Vigelegele vilipigwa mpaka padri akakata tamaa ya kuendelea na sala, akangoja.

Jumatatu ilikuwa siku ya soko. Mama alikuwa mezani, mashine inazunguka, foleni ndefu kuliko kawaida kwa sababu kila mtu alitaka kusikia habari za Kuluba. Mke wa Anguyo alikuja, bibi kizee ambaye kwa miaka yote hiyo alinunua odi kwa wengine. Hakununua kitu. Aliinama mpaka karibu na sikio la mama, lakini masikio yake yeye ni mazito kwa hiyo soko zima lilisikia.

"Margarita, mimi nimezeeka," alisema. "Jiwe yangu iko nyumbani, nyuma ya mlango. Nikifa, nataka wewe ndio uniwekee."